Mashavu ya Bukuru

Josepha aliolewa Makere akitokea Kibondo, na kwa miaka mingi watu wa Makere walimjua kama mama wa wasichana. Wa kwanza alikuwa Evaline, wakafuata wawili wengine, wote wa kike. Kila alipojifungua, mama mkwe wake, Bibi Mpawenimana, alikuja kutoka Heru Juu na kikapu cha maharage na mkungu wa ndizi, akamwogesha mzazi, akampakata mtoto, akamshukuru Mungu, kisha akarudi kwake. Hakuwahi kumsema vibaya mkwe wake. Lakini Josepha aliizoea ile namna yake ya kusimama mlangoni, hata kanga ya safari hajaivua, akauliza ni nani aliyekuja safari hii, na kile kimya kifupi kilichofuata jibu.

Mimba ya nne ilileta mapacha. Alitangulia mvulana, msichana akafuata, wakapewa majina ambayo Waha huwapa mapacha: aliyetangulia Bukuru, yaani mkubwa, na aliyefuata Toyi, yaani mdogo. Safari hiyo Bibi Mpawenimana hakukaa kimya. Aliimba, akacheza uani na fimbo ya marehemu mumewe mkononi, na majirani wakaja kumtazama. Renatus, mume wa Josepha, ambaye alifyatua na kuchoma matofali kwa ajili ya nyumba za watu, alishinda siku nzima nyumbani bila kwenda kwenye tanuri, na jioni akarudi kutoka dukani na mpira wa plastiki kwa ajili ya mtoto ambaye hata shingo ilikuwa haijakaza.

Watoto wawili kwenye maziwa ya mama mmoja si mchezo. Bukuru alikuwa mtoto wa kulia. Alinyonya, akaachia, akalia, akanyonya tena. Toyi alinyonya akalala. Bibi Mpawenimana, aliyekaa nao ile miezi ya mwanzo, alisikiliza kilio hicho akakitolea hukumu: mtoto wa kiume hashibi maziwa. Tumbo lake ni la mwanaume, linataka kitu kizito. Hata baba yake, alisema, alianza uji hajaweza kukaa, na mtazame leo anavyobeba matofali. Josepha alikuwa amewahi kusikia kliniki kwamba mtoto asipewe kitu kingine mpaka atimize nusu mwaka, lakini mama yake mzazi alikuwa mbali, Kibondo, usingizi ulikuwa umemwisha, na maneno ya mama mkwe yalifanana na yale aliyokuwa akiyasikia tangu utotoni. Bukuru akapikiwa uji mwepesi wa muhogo. Alinyamaza. Wote walifurahi kuona amenyamaza, na Toyi, kwa kuwa hakuwa na makelele, akaachwa kwenye ziwa.

Kuhara kulianza muda si mrefu baadaye. Kulikuja, kukaenda, kukarudi. Kila kuhara kulipopita, Bukuru alibaki amepungua kidogo, na kabla hajarudisha kilichopotea, kikohozi au homa ikamkuta. Toyi naye aliugua, maana walilala kitanda kimoja na kukoholeana usoni, ila yeye aliugua siku mbili tatu akainuka. Josepha aliliona hilo na hakulielewa. Alikuwa amekulia katika nyumba ambayo kaka zake walipakuliwa nyama kwanza, na maisha yake yote aliamini kwamba mtoto wa kike ndiye wa kuogopewa, ndiye anayepungukiwa. Mvulana alikuwa kama chuma. Sasa huyu wake wa chuma alikuwa anasinyaa mbele ya macho yake, na yule aliyeitwa mdogo ananawiri.

Majirani waliona pia, na midomo ya watu haifungwi. Mmoja alisema pacha wa kike anamnyonya mwenzake nguvu. Mwingine alisema Josepha amezoea wasichana, mkono wake unaelekea kwa Toyi bila yeye kujua. Maneno hayo yalifika Heru Juu. Mapacha walipokuwa wanatembea, yapata mwaka mmoja na nusu, Bibi Mpawenimana alikuja bila kikapu, akakaa kwenye mkeka, akasema amekuja kumchukua Bukuru. Angemwachisha ziwa na kumlea kwake, mahali penye wanaume, ale chakula cha wanaume, apate nguvu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetoa msaada, na kwa kweli aliamini anatoa msaada.

Josepha alimtazama mumewe. Renatus aliinamisha kichwa, akasema labda ni vizuri, mama watoto naye apumue, abaki na mmoja. Basi ikawa hivyo. Bukuru alifungwa mgongoni mwa bibi yake na pikipiki ikawachukua, na Josepha akabaki amesimama njiani na ziwa moja limejaa likimuuma. Usiku na mchana wa juma lile Toyi alimtafuta mwenzake nyuma ya mlango.

Josepha alipata nafasi ya kwenda Heru Juu baada ya mavuno ya maharage. Alifika Jumapili watu wakiwa wametoka kanisani. Uani palikuwa na mashemeji zake na watoto wao, na katikati yao Bukuru, amekalishwa kwenye kigoda. Mashavu yake yalikuwa yamejaa. Miguu ilikuwa minene, imefunga, na macho yamekuwa madogo kwa unene wa uso. Bibi Mpawenimana alimwinua Josepha kidevu kwa kidole, kwa utani, akamwambia atazame kazi ya mikono ya mtu mzima. Wote walicheka, na Josepha alicheka pia. Alipiga magoti akamfungulia mtoto mikono.

Bukuru hakuja. Hakukataa wala hakulia. Alimtazama tu mama yake, kisha akatazama chini. Josepha alimbeba mwenyewe. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyepesi, zina wekundu kama vumbi la barabarani, na ngozi ya mapajani ilikuwa inabanduka kidogo. Chakula kilipoiva, alimwona akipelekwa kwa wanaume. Hiyo ilikuwa heshima yake: mjukuu wa kiume alikaa na baba zake wadogo na binamu zake wakubwa waliozunguka sinia moja. Ugali wa muhogo ulikuwa mlima, maharage bakuli moja katikati. Mikono mikubwa ilikwenda na kurudi. Bukuru alishika tonge lake akalitazama, akaliweka mdomoni kavu, na kabla hajalimeza bakuli la maharage lilikuwa limebaki na mchuzi tu. Hakuna aliyemnyang'anya kitu. Hakuna hata mmoja aliyemwona.

Ndani, jikoni, watoto wa kike wa nyumba ile walikuwa wamekaa kando ya mama zao, mmoja anaonjeshwa chumvi, mwingine analamba mwiko, mwingine ameshika kipande cha parachichi.

Josepha alirudi Makere na moyo uliogawanyika. Nusu ilimwambia kwamba ana wivu, kwamba hataki kukubali kuwa mama mkwe amefaulu pale aliposhindwa yeye. Nusu nyingine iliyaona yale macho. Hakumwambia Renatus, maana alijua atakachojibu.

Aliyemwambia ni Nadège, mwanamke wa Kikongo aliyeuza vitenge na sabuni sokoni kila alipopata ruhusa ya kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Walikuwa wamezoeana kwa kuuziana. Josepha alimletea maharage, Nadège akamkatia kitenge. Siku hiyo, akiwa anachagua sabuni, Josepha alieleza habari za mwanawe kana kwamba anaeleza habari njema: mtoto amenona, mashavu haya, miguu hii. Nadège aliacha kukunja kitenge.

"Mutoto akinona anachekaka," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Wako anacheka?"

Josepha alisema hapana.

"Mama, rudia kule. Finya mu mguu yake na kidole. Kama shimo inabakia, ile haiko mafuta. Ni maji. Mutoto wangu Polycarpe alikuwa vile, kule kambini, na mimi nilikuwa nafurahi."

Akarudi kukunja kitenge chake. Sabuni Josepha aliisahau palepale.

Kesho yake asubuhi alimfunga Toyi mgongoni akapanda bodaboda mpaka Heru Juu. Alimkuta mama mkwe anamenya muhogo. Alisalimu kwa Kiha kama ilivyompasa, *mwakeye*, akajibiwa, akaketi. Kisha akamwita Bukuru, akamvua kandambili, akaweka kidole gumba juu ya mguu wake akabonyeza. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Lilibaki wazi kama alama ya kidole kwenye donge la unga. Akamshusha Toyi mgongoni, akabonyeza mguu wake pale pale. Nyama ya Toyi ilirudi mara moja.

Bibi Mpawenimana aliweka kisu chini. Alitazama mguu mmoja, akatazama mwingine. Alisema ni mafuta, mtoto mnene ndivyo alivyo. Kisha akainama akabonyeza mwenyewe, na hakusema tena kwamba ni mafuta. Alisema wamngoje Renatus aje aseme.

"Nisamehe, Mama," Josepha alisema. "Simngoji mtu. Naondoka naye sasa hivi."

Katika miaka yake yote ya ndoa hakuwa amewahi kumkatalia mwanamke yule jambo lolote. Sasa alimchukua Bukuru kifuani na Toyi mgongoni, akapanda tena ile bodaboda, wakateremka Kasulu mjini.

Hospitalini, muuguzi aliyewapokea aliitwa Aneth, binti wa Singida aliyepangiwa kazi Kasulu na ambaye Kiha chake kiliishia kwenye salamu. Alimbonyeza Bukuru miguu yote miwili, akampima, akamwita daktari, na kabla ya mchana mtoto alikuwa kitandani katika wodi ya utapiamlo, ananyweshwa maziwa maalumu kidogo kidogo kwa kikombe. Josepha alitaka ajazwe, apewe kingi, kama anayelipwa deni la muda mrefu. Aneth alimzuia. Mwili uliokosa muda mrefu, alisema, ukipewa kwa pupa unaweza kuzimika.

Renatus alifika amekasirika, simu ya mama yake imetangulia. Alimuuliza Josepha mbele ya watu kama amemchukua mtoto kwa kukomoa. Josepha alimshika mkono, akakiweka kidole chake juu ya mguu wa mwanawe, akakibonyeza. Renatus alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Tangu hapo alikuwa anakuja kila alipomaliza kufyatua, matope yamekauka kwenye viwiko, akanawa na kukishika kikombe yeye mwenyewe. Wanawake wa wodini walimcheka kidogo, kisha wakazoea.

Bibi Mpawenimana alikuja maji yalipokuwa yameshatoka mwilini mwa mtoto. Aliingia wodini akamtafuta mjukuu wake, akapita kitanda chake bila kumjua, mpaka Josepha alipomwita. Mashavu yalikuwa yamekwisha. Kilichobaki kilikuwa mbavu, magoti, na uso wa kizee wenye macho makubwa. Bibi alishika nguzo ya kitanda.

"Mlimchukua kwangu ana mwili," alisema. "Mmenifanyia nini?"

Aneth aliacha kazi yake akaja akasimama karibu naye. Aliongea taratibu, na Josepha akawa anamtafsiria Kiha pale Kiswahili kilipomzidi bibi.

"Hatujampunguza, Bibi. Huyu ndiye aliyekuwa ndani ya yale maji. Alikuwa hivi hivi, ila tulikuwa hatumwoni."

Bibi aliachia nguzo akainamia kitanda. Kisha Bukuru, aliyekuwa hajatabasamu tangu afike, aliona kitu kwenye kanga ya bibi yake, labda rangi, akanyoosha mkono akaivuta. Bibi alimwachia kanga yote, akabaki na gauni lake la ndani ya kanga, katikati ya watu.

Baadaye walikaa nje kwenye benchi, wakwe wawili, Toyi amechuchumaa miguuni pao akiokota majani. Bibi Mpawenimana alitazama mbele.

"Sikumnyima kitu," alisema.

"Najua, Mama. Hukumnyima."

"Nilimweka mahali pa heshima."

"Ndiyo. Ila ile heshima ni ya mtu mwenye meno yote na mkono mrefu. Yeye alikuwa bado."

Bibi alimwokota Toyi, akamfuta majani mdomoni, akaanza kumtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza: mikono yake, shingo yake, miguu iliyokaza. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, ni nini hasa huyu alichopewa ambacho yule hakupewa. Josepha alifikiri. Alisema hakumpa Toyi chochote cha pekee. Toyi alibebwa na dada yake Evaline, akakaa jikoni, akaonjeshwa hiki na kile kwa sababu alikuwa karibu. Alinyonya kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kumwachisha. Hakuna aliyemtazamia makubwa, basi hakuna aliyemharakisha.

Wakati wa kukaa wodini Josepha alianza kuona jambo jingine. Kina mama walipoitwa kwa majina ya watoto wao ili wachukue maziwa, majina mengi yalikuwa ya wavulana. Siku moja mambo yalipotulia alimuuliza Aneth kama ni bahati tu ya msimu ule. Aneth alisema hapana, amekuwa akiliona hilo tangu aanze kazi, na si Kasulu peke yake. Wasichana wanakuja, na wengine wanakuja wamechelewa sana, lakini wavulana ndio wengi. Mwili wa mtoto wa kiume akiwa mchanga, alisema, ni kama wa haraka: unataka zaidi ili ukue, na maradhi yanaudaka upesi. Wanaosoma mambo hayo wanaeleza sehemu yake, na sehemu nyingine bado wanaitafuta.

"Nyingine iko majumbani," Aneth aliongeza. "Na hiyo mimi siwezi kuiona nikiwa hapa."

Josepha alilala na maneno hayo siku nyingi. Aliwaza kaka zake wa Kibondo, waliopakuliwa nyama kwanza. Kati yao kulikuwa na mmoja ambaye hakufika umri wa kutembea, na mama yake alikuwa akisema siku zote kwamba mtoto yule aliondoka ghafla, alikuwa ana afya, alikuwa mnene. Josepha hakuwa na kumbukumbu yake isipokuwa hilo neno. Alitaka kumpigia mama yake simu amuulize miguu ya yule mtoto ilikuwaje. Alishika simu mara kadhaa. Mwishoni aliacha, kwa kuwa mama yake alikuwa mzee na jibu lisingemrudisha mtu.

Bukuru alitoka hospitalini anatembea. Alipewa chakula dawa cha karanga cha kwenda nacho nyumbani, kile cha kwenye pakiti, na Josepha alipata kazi ya kuwazuia dada zake Bukuru wasikimalize. Kule Makere, Renatus alibadilisha jambo moja bila kumtangazia mtu: alihamishia sahani yake jikoni, akala na watoto wake, kila mtoto na bakuli lake. Wenzake wa tanuri walisikia wakamtania kwamba ameolewa. Aliwaacha waseme.

Miaka miwili baadaye Josepha alizaa tena, mvulana, akaitwa Kiza kama aitwavyo anayefuata mapacha. Bibi Mpawenimana alikuja na kikapu, mgongo umeanza kupinda. Kiza naye alikuwa mtoto wa kulia. Jirani mmoja alipita akasikia, akasema kwa wema kabisa kwamba huyu anataka uji, wa kiume hashibi maziwa. Josepha alifungua mdomo, lakini bibi alimtangulia. Alisema mtoto akilia anawekwa ziwani, akilia tena anawekwa tena, na mama yake anapikiwa ashibe. Uji wake una siku yake. Jirani aliduwaa, maana miaka michache nyuma yeye mwenyewe alikuwa amefundishwa kinyume chake na mwanamke huyo huyo. Bibi aliinuka akaenda kuchochea moto.

Mwaka huu mapacha wako darasa la kwanza. Toyi anampita Bukuru kichwa kizima, na mwalimu siku ya kwanza alidhani ni dada yake mkubwa. Bukuru ni mchangamfu, anakimbiza mpira vizuri, anajua kucheka mpaka anashika tumbo, lakini kimo hakikurudi chote, na herufi zinamchukua muda kuliko zinavyomchukua mwenzake. Josepha hajui kama ni tabia yake tu au ni kile kilichopotea wakati ule. Hakuna anayeweza kumwambia. Kuna siku anamtazama akiandika, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, na anajikuta anatafuta mtoto mwingine nyuma ya huyu, yule ambaye angekuwa. Kisha anajirudi, kwa sababu huyu ndiye aliyepo, na ana njaa, na anauliza chakula kitaiva lini.

Juzi alirudi shuleni amenuna. Watoto walikuwa wamepangwa kwa kimo, yeye akawekwa mbele kabisa na Toyi nyuma. Alisimama mlangoni akamuuliza mama yake kwa nini Toyi ni mrefu na wao walizaliwa siku moja, tena yeye alianza.

Josepha alikuwa anachambua maharage. Alikuwa na mengi ya kusema, ya sinia, ya maji, ya mashavu ambayo watu wazima waliyashangilia, na yote yalikuwa mazito kwa mtoto wa umri ule.

"Uliumwa sana ulipokuwa mdogo," alimwambia. "Sisi hatukujua mapema. Tulipojua tukakupeleka, ukapona."

Bukuru alifikiri. Aliuliza kama Toyi naye aliumwa. Mama yake alisema kidogo. Aliuliza kama Kiza ataumwa. Mama yake alisema watamwangalia. Hilo lilionekana kumtosha. Alitupa begi kitandani, akamwita mdogo wake Kiza, wakatoka nje.